Usimuulize Anampenda Nani

"Haya, sema mwenyewe, unataka kukaa na nani?"

Nimelisikia swali hili sebuleni, ofisi za kata na kwenye korido za mahakama. Nimelisikia likiulizwa na wajomba, mashangazi, wenyeviti wa mitaa, na mara nyingine na mama mwenyewe huku machozi yanamtoka. Wanaouliza huwa na nia njema. Wanaona wamempa mtoto heshima ambayo wao hawakupewa walipokuwa na umri wake. Lakini mtoto aliyesimamishwa mbele ya watu wazima, baba upande huu na mama upande ule, haoni heshima yoyote hapo. Anachojua ni kwamba neno lake lijalo litamuumiza mmoja wa watu wawili anaowapenda kuliko wote, na kwamba wote wawili watakuwa wanamtazama anapolisema.

Mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata moja mkoani Morogoro. Kazi yetu ilitambuliwa rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sisi si mawakili. Tunaelekeza watu waende ofisi gani, tunawasaidia kuandika barua na makubaliano, tunawasindikiza kwa afisa ustawi wa jamii. Watu wanakuja na mashauri ya mipaka ya mashamba, mirathi, madai ya matunzo. Ila yanayonifuata mpaka nyumbani ni ya watoto wa wazazi walioachana, na ninayo sababu, nitaieleza.

Ninaamini hivi: wazazi wanapoachana mtoto ni lazima asikilizwe kuhusu atakapoishi, na ni lazima aondolewe mzigo wa kuchagua. Kwenye vikao vyetu tunafanya kinyume chake pande zote mbili. Ama hatumsikilizi kabisa, ama tunamtwika uamuzi mzima na kumwacha nao.

Ndoa nyingi zinazovunjika kwetu hazifiki mahakamani. Zinaishia kwenye kikao: mkeka au makochi ya sebuleni, chai, wazee wa pande mbili, maneno yanayoanza kwa utaratibu na kumalizika kwa kelele. Mambo ya kujadiliwa yana mpangilio wake. Kwanza nani alimkosea nani. Kisha mahari, kama kuna cha kurudishwa. Kisha kitanda, cherehani, kiwanja, mbuzi. Watoto huja mwisho, watu wameshachoka na gari la mwisho la kurudi kijijini linakaribia kuondoka. Muda wote huo watoto wenyewe wametumwa dukani au wameambiwa wakacheze nje. Hawachezi. Wako chini ya dirisha, wanasikia kila neno.

Na kikao huamua kwa kanuni zilizowekwa kabla mtoto huyo hajazaliwa. Kwa Wasukuma, Wachaga, Wakurya na wengine wengi wanaofuata ukoo wa baba, mahari ikishatolewa watoto huhesabiwa kuwa wa upande wa mume. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 lilishika mkondo huohuo kwa jamii za namna hiyo. Kwa Waluguru, Wamwera, Wamakonde na wengine wanaofuata ukoo wa mama, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno zito. Zote mbili ni kanuni za watu wenye akili, zilizohakikisha kwamba hakuna mtoto anayebaki bila ukoo. Ila swali zinalojibu ni mtoto ni wa nani. Atalala wapi, nani atamwamsha asubuhi, nani atakaa naye akipata malaria, hayo hazikuyagusa, kwa sababu zamani yalijibiwa na mji mzima wenye bibi, mama wadogo na binamu. Siku hizi mtoto "wa ukoo wa baba" anaweza kuwa peke yake katika chumba cha kupanga na baba anayetoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku.

Mimi nimezaliwa katikati ya kanuni hizo mbili. Baba yangu ni Msambaa, mama yangu Mluguru. Waliachana nikiwa na miaka tisa, mdogo wangu wa kiume ana minne. Kikao kilikaa nyumbani kwetu Korogwe. Upande wa baba ulisema watoto ni wao, mahari ilitolewa. Mjomba wangu alikuwa amesafiri kutoka Morogoro kuja kusema jambo moja tu, kwamba kwao mtoto hanunuliwi kwa mahari. Walivutana mpaka adhuhuri. Ndipo babu mmoja mdogo, mtu mpole ambaye hadi leo namkumbuka kwa wema, akasema tusigombane, tumwite mtoto tumuulize.

Nikaitwa. Babu akanishika bega, akaniuliza, "Mjukuu wangu, unampenda nani zaidi, baba au mama?"

Nilitazama sakafu. Nikasema nataka kwenda kwa bibi.

Watu wakashusha pumzi. Wengine wakacheka kwa furaha, kwamba mtoto ana busara, kaepusha shari. Nikapelekwa Lushoto kwa bibi mzaa baba. Mdogo wangu, kwa kuwa alikuwa bado mdogo, akaenda Morogoro na mama. Na kwa miaka iliyofuata, kila mtu aliyeuliza kwa nini yule binti yuko mbali na wazazi wote wawili alijibiwa: alichagua mwenyewe.

Sikuchagua kukaa na bibi, ingawa bibi alinilea vizuri na Mungu amrehemu. Nilichagua kutomuumiza mtu mbele ya watu. Mtu yeyote angeniuliza swali la pili, kwa nini kwa bibi, au kitu gani kinakutia hofu, angesikia jambo ambalo hakuna hata mmoja pale alilijua: kwamba usiku mdogo wangu alikuwa akiniamsha mimi, si mama wala baba, nimsindikize chooni, na kwamba nilikuwa nahofia nani atamsindikiza. Nilikuwa na maoni mazito kabisa kuhusu nyumba yetu mpya iwe vipi. Nilitaka tuwe pamoja, mimi na yeye, kwa mzazi yeyote yule. Hilo halikuwemo kwenye swali, kwa hiyo halikuwemo kwenye jibu.

Nilipoanza kusomea kazi hii ndipo nilipojua kwamba sheria ya nchi ilikuwa imeshawaza mambo haya kabla sijazaliwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 125, inamtaka hakimu anayeamua mtoto akae wapi atangulize ustawi wa mtoto kuliko jambo lingine lolote. Baada ya hapo aangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii ya wahusika. Hebu fikiria, mwaka 1971. Mtoto alikuwa ameshatajwa kwenye orodha ya watu wa kusikilizwa, miaka kumi na minane kabla ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Halafu ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nayo ikaenda mbali zaidi. Inasema mtoto ana haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa maisha yake, na kwamba mtu asimnyime haki hiyo mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni. Kwenye shauri la mtoto akae na nani, mahakama inatakiwa kuzingatia maoni ya mtoto kama ameyatoa kwa uhuru. Inatakiwa pia kuangalia umri na jinsia yake, kwamba ni vema ndugu wasitenganishwe, na kwamba ni vema malezi aliyoyazoea yasikatwekatwe. Nilisoma kipengele hicho cha ndugu mara nyingi. Sheria ya Ndoa inasema hakimu halazimiki kuwapeleka watoto wote kwa mzazi mmoja, aangalie ustawi wa kila mmoja peke yake, na hilo ni sawa, kwani watoto hawafanani. Lakini hii mpya imeongeza kile ambacho kikao cha Korogwe hakikukifikiria.

Kuna jambo moja ambalo nalisahihisha kila mara, maana linaharibu nyumba za watu. Watu wanaamini kwamba mtoto akitimiza miaka saba, sheria inamrudisha kwa baba. Nimekutana na akina baba waliokaa kimya miaka, hawaleti matumizi, wakihesabu tu siku ya kuzaliwa ya saba, kisha wanatokea na gari kumchukua mtoto. Nimekutana na akina mama ambao mtoto akifikisha sita wanaanza kukosa usingizi. Sheria haisemi hivyo. Inasema kuna dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Inaongeza kwamba katika kuipima, hakimu aangalie ubaya wa kumyumbisha mtoto kwa kumhamishahamisha. Basi. Baada ya miaka saba hakuna mshindi anayetangazwa. Kinachotokea ni kwamba dhana ile inaondoka, na yanabaki yale yale: ustawi wa mtoto, na sauti yake ikizidi kupata uzito kadiri anavyokua.

Ile saba ya mitaani nadhani imetokana na kuisikia fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, nusunusu. Pwani yetu na Visiwani wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, na humo umri wa saba, au tuseme umri wa mtoto kupambanua mambo, una maana yake. Kabla ya hapo mama ndiye mwenye haki zaidi ya kulea, kwa masharti yake. Baada ya hapo mtoto anapewa hiari baina ya wazazi wake. Hapelekwi kwa baba moja kwa moja. Baba yangu mdogo, aliyekuwa akifundisha madrasa, ndiye aliyenisomea hadithi inayotegemewa katika jambo hili, aliyoipokea Abu Huraira na iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Daud. Mwanamke alimjia Mtume (s.a.w.) akasema mume wake anataka kumchukua mtoto wake, na mtoto huyo humchotea maji kisimani na humfaa. Mume naye akasema, nani atakayeshindana nami kwa ajili ya mwanangu? Mtume akamwambia yule kijana, huyu ni baba yako na huyu ni mama yako, shika mkono wa yeyote umtakaye. Kijana akashika mkono wa mama yake, wakaondoka.

Mtu anaweza kuniambia: si hapo mtoto kaulizwa mbele ya wazazi wote wawili? Ndiyo. Nami nilimuuliza baba mdogo swali hilohilo. Alinijibu kwamba nisome na waliyoyaandika wanazuoni wa Kishafi baada ya hapo. Mtoto akimchagua huyu, kisha akarudi akamtaka yule, huhamishiwa kwa yule. Na mtoto wa kiume akimchagua mama, analala kwa mama, ila mchana baba ana wajibu wa kumsomesha na kumfundisha kazi. Kwa maneno mengine, kumchagua mmoja hakumwondolei mwingine wajibu wake, wala mlango haufungwi nyuma ya mtoto. Mambo hayo mawili ndiyo yanayokosekana kwenye vikao vyetu. Sisi tunamuuliza mtoto mara moja, jibu lake tunaligeuza hukumu, na mzazi ambaye hakutajwa anajiona ameachiliwa, asilete hata ada ya shule. "Si kamtaka mama yake? Basi mama yake amsomeshe." Nimeyasikia maneno haya kwa masikio yangu, kutoka kwa mtu mwenye uwezo.

Sasa niseme ninavyoona watoto wanavyojibu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea, hata wenye elimu.

Watoto wengi hawamchagui mzazi wanayemtaka. Wanamchagua mzazi wanayemwonea huruma. Mama analia kila usiku, basi mtoto anasema kwa mama, nani atamnyamazisha? Au baba kabaki peke yake, hajui hata kupika, basi binti wa miaka kumi na moja anasema kwa baba, na akifika huko anakuwa mke mdogo wa nyumba, anapika, anafua, masomo yanashuka. Ukimsikiliza juu juu utasema kachagua kwa hiari. Amechukua kazi ya kumlea mzazi wake, na hakuna mtu mzima aliyemwambia kwamba kazi hiyo si yake.

Wengine wanalishwa maneno. Mtoto wa miaka sita anakwambia, "Baba hatimizi majukumu yake kama mume." Mtoto wa miaka sita hasemi hivyo. Anasema baba hakuja, au baba alikuja usiku akapiga mlango. Ukisikia lugha ya baraza la usuluhishi kutoka kinywani mwa mtoto wa darasa la kwanza, ujue kuna mtu amekaa naye jioni kumfundisha. Wapo pia wanaonunuliwa: simu, baiskeli, safari ya kwenda Dar kuona bahari wiki moja kabla ya shauri. Na wapo wanaotishwa, tena kwa maneno laini: "Nenda tu kwa baba yako, mimi nitazoea." Ndiyo maana sheria ikasema maoni yaliyotolewa kwa uhuru. Neno la mtoto lina thamani pale tu linapokuwa lake.

Lakini sikubaliani hata kidogo na wanaosema kwamba kwa sababu hiyo basi mtoto asiulizwe, anadanganyika kirahisi. Watu wazima pia wanalishwa maneno na kununuliwa, na hatujawahi kuwazuia kutoa ushahidi. Tunachofanya ni kutafuta namna nzuri ya kuwauliza. Kwa mtoto namna hiyo ipo na haihitaji utaalamu wa ajabu.

Afisa ustawi mmoja niliyefanya naye kazi, mama wa makamo, hamuulizi mtoto anataka kukaa na nani. Anamuuliza: jana uliamka saa ngapi, nani alikuamsha? Ulikunywa chai na nani? Daftari lako la hisabati nani analikagua? Siku ile ulipoumwa ulikuwa wapi? Ukiota ndoto mbaya unamwita nani? Kuna mtu nyumbani unamwogopa? Rafiki yako mkubwa anakaa wapi, mnakwenda shule kwa njia ipi? Baada ya nusu saa ya mazungumzo ya namna hiyo, huku mtoto anachora au anakula karanga, afisa huyo anakuwa anaijua nyumba ile kuliko waliokaa kikao siku nzima. Mwishoni anauliza swali moja: kama ungeweza kubadilisha kitu kimoja kwenye mambo haya, ungebadilisha nini? Majibu mengine hayahusu baba wala mama. Nisihamishwe shule kabla ya mtihani. Nisikae na mjomba fulani. Waache kunituma nipeleke ujumbe wao. Hili la mwisho linarudi tena na tena.

Anazungumza na mtoto peke yake, na kama ni shauri la mahakamani, anayokusanya yanaingia kwenye taarifa ya uchunguzi anayoiandikia mahakama. Mahakimu wengi nao wanapotaka kumsikia mtoto wenyewe humwita chemba, mbali na wazazi. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2003, unasema waziwazi kwamba mtoto asikilizwe moja kwa moja au kupitia mwakilishi asiyeegemea upande. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika ufafanuzi wake wa mwaka 2009, ilisema pia kwamba kusikilizwa ni haki ya mtoto na si wajibu wake. Akitaka kunyamaza, anyamaze. Ningependa sana maneno hayo yabandikwe ukutani kwenye kila ofisi ya kata.

Swali ambalo watoto wenyewe wananiuliza kuliko yote ni hili: "Nikisema, baba ataambiwa?" Au mama. Yafaa kulijibu kwa ukweli kabla hajaanza kusema. Usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mwambie: yatakayoandikwa ni haya, atakayesoma ni huyu, na uamuzi utafanywa na watu wazima, hata wakikasirika watatukasirikia sisi. Nimeona mabega ya watoto yakishuka kwa kuambiwa tu hilo la mwisho. Wanataka kusikiwa, na wanataka mtu mwingine abebe lawama. Wana haki ya vyote viwili.

Katika kikao kimoja, binti wa miaka kumi na miwili alisema anataka kwenda kwa baba yake mjini. Mama alikataa kwa sababu zenye maana: baba alikuwa amelewa mara kadhaa mbele ya watoto, na ndani ya nyumba yake walikaa wapangaji vijana. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Wengine wakaitikia, shauri likafungwa. Methali hiyo imenikaa moyoni tangu siku ile. Kumpa mtoto wembe ni kumwacha akatwe ili ajifunze. Je, tulikuwa tumekaa pale ili binti afundishwe adabu? Tungemuuliza kwa nini mjini, tungejua (alinieleza baadaye) kwamba shule ya kijijini walimu walikuwa wachache na alikuwa anaogopa kufeli darasa la saba. Palikuwa na dada wa mama yake katika mji huohuo. Sheria ya Mtoto inaruhusu hata ndugu anayemlea mtoto kuomba uangalizi wake. Alichohitaji ni shule, na njia ya kukipata ilikuwepo bila wembe.

Kwa hiyo naomba nieleweke. Sisemi mtoto akitaka apewe. Yapo mambo ambayo neno la mtoto halipaswi kuyashinda. Mtoto anaweza kumng'ang'ania mzazi anayempiga, kwa sababu ndiye anayemjua, au kwa sababu anaogopa kusema vingine. Hapo watu wazima waamue kinyume na alivyosema na wamweleze sababu kwa maneno anayoyaelewa. Upande wa pili ni mzito zaidi: mtoto akisema anaogopa kwenda mahali, hata kama hawezi kusema kwa nini, asipelekwe mpaka ijulikane. "Anadeka tu" ni maneno yaliyowaponza watoto wengi.

Na kwa kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita, tuache kujidanganya kwamba tunamwamulia. Ukimpeleka asikotaka atapanda basi. Amri ya mahakama haimfungi kamba miguuni. Marekani, katika jimbo la Georgia, sheria inampa mtoto wa miaka 14 haki ya kuchagua mzazi, isipokuwa hakimu akiona kwamba chaguo hilo si kwa maslahi ya mtoto. Sheria zetu za Tanzania Bara hazikuweka umri maalumu, na kwangu hilo ni bora. Umri wa kuchagua ukishaandikwa, wazazi wataanza kuuhesabia kama wanavyoihesabia ile saba.

Nirudi kwenye jambo la kubadilisha mawazo, kwa sababu ndilo tunalolipuuza zaidi. Sheria ya Ndoa inaruhusu amri ya mtoto akae wapi kubadilishwa hali ikibadilika, na Sheria ya Mtoto inampa mtoto haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wake mwingine kila anapotaka, mradi masomo yasiharibike. Tazama jinsi lilivyoandikwa: ni haki ya mtoto. Mzazi anayemfungia mtoto asimwone mwenzake kwa sababu ya matumizi ambayo hayajaletwa, anamnyang'anya mtoto kitu chake. Matumizi yana njia yake ya kudaiwa, na tuko tayari kusaidia.

Nilipomaliza darasa la saba nilimwambia baba kwamba nataka kwenda kwa mama na mdogo wangu. Bibi alilia. Baba hakusema nimemsaliti. Aliniuliza kama kuna aliyenikosea, nikamwambia hapana. Akauliza nitasoma wapi na likizo nitakuja lini. Kisha akampigia mama, watu ambao walikuwa hawajazungumza vizuri kwa miaka, wakapanga. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza maswali ambayo niliweza kuyajibu.

Siku hizi ninapowasaidia wazazi kuandika makubaliano yao, naomba iingizwe sentensi moja: kwamba baada ya mwaka, na kila mwaka, mtu ambaye mtoto anamwamini na ambaye si baba wala mama atakaa naye amuulize hali inaendaje, na wazazi watakutana kusikia. Wengine hukataa. Baba mmoja aliniambia, "Dada, sasa si atakuwa anahama kila mwezi kama mpangaji?" Nilimwomba ajaribu kwa mwaka mmoja. Aliyeteuliwa kumsikiliza binti yao ni mwalimu wake wa zamani wa chekechea. Binti hajahama. Mpaka sasa ameomba mambo mawili tu: wikiendi za kwenda kwa baba zisogezwe wakati wa mitihani, na baba na mama wote waje kwenye komunyo yake ya kwanza, wakae benchi moja. Walikuja, na mimi nilikuwepo.